Siku Tuliyompa Bi Mkubwa Kituo cha Bure

Njiro, Arusha
Jumatano, baada ya shule

Mama,

Namwonea wivu Glory.

Nimeliweka hili mbele hata ya shikamoo kwa sababu najijua. Nikianza na shikamoo nitakwenda kwenye mvua, kutoka mvua nitakwenda kwenye bei ya mchele, na karatasi itajaa kabla sijasema kitu. Sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi nimekuwa nikilizunguka, naomba "moyo safi" kama watu wote wanavyoomba, basi. Sasa wewe unalijua, na Mungu bila shaka alikuwa analijua tangu zamani.

Shikamoo, Mama yangu. Goti lako linaendeleaje? Umeacha kulikanda kwa yale mafuta ya dizeli aliyokuletea Mjomba, au bado unabishana na daktari? Alizeti zimetoka? Daudi anakwenda shule bila kufukuzwa na fimbo? Mimi ni mzima, sina homa, siumwi jino. Baridi ya huku mwezi huu haina adabu. Mlima Meru hatujauona wiki nzima, umejifunika mawingu mpaka miguuni, na yule mama wa Oldonyo Sambu anayetuletea maziwa asubuhi anafika amejifunga shuka mbili.

Mama, uliniuliza kwenye simu, mwaka ukiisha nirudi kusomea kidato cha tatu huko nyumbani Singida, au niendelee kukaa hapa kwa Mama mdogo. Nikajibu, "Nitafikiria." Usifikiri nilikudharau. Nilimsikia Mama mkubwa akicheka kwa nyuma, nikamsikia Daudi akiuliza kama nimenenepa, nikajua simu umeiweka sauti ya nje kama kawaida yako, na nusu ya mtaa mmeizunguka. Mimi nikijua wananisikia watu zaidi ya wawili, sauti inakataa kutoka. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii nitampa yule kondakta wa basi anayekuletea viatu vya Daudi.

Ili unielewe kuhusu Glory, lazima kwanza nikueleze ule mchezo. Najua siku ile niliposema tunarusha dadu ukaniuliza kama ni kamari. Si kamari, Mama. Hakuna hata shilingi mezani. Kuna sahani ya karanga tu.

Baba mdogo, kama unavyojua, anaendesha wageni mbugani. Mwaka juzi alikuwa na familia ya Wajapani kule Momela, mvua ikanyesha, gari likazama kwenye tope, wakakaa mle ndani mchana kutwa wakingoja kuvutwa. Wageni wakatoa boksi. Ndani mlikuwa na kadi na dadu na kitabu cha sheria cha Kiingereza. Ni besiboli, lakini ya mezani, huhitaji gongo wala uwanja. Kila kadi ni mchezaji, na imeandikwa anachoweza: huyu anapiga mbali, huyu ana mbio, huyu hapigi kitu. Dadu zinaamua kilichotokea. Kazi yako wewe ni kuwa kocha: nani arushe mpira, nani apige, mkimbiaji abaki pale alipo au ajaribu kuiba kituo kinachofuata, mrushaji aliyechoka umtoe au umwache. Mkimbiaji akizunguka vituo vitatu akarudi nyumbani, mna pointi. Wenzako watatu wakitolewa, zamu inakwenda kwa wapinzani. Timu zote mbili zikishapiga, awamu moja imekwisha, na awamu ziko tisa. Ni hivyo tu. Wageni walipoondoka walimwachia Baba mdogo boksi lote, kwa sababu alikuwa amewafunga.

Majina ya kwenye kadi yalikuwa yanatushinda kutamka. Baba mdogo akakata vikaratasi, akabandika majina ya watu wetu. Mrushaji wetu mkuu ni Bibi, mama yake, yule anayekaa mlimani kwenye kahawa na migomba, maana Bibi akimtupia tumbili jiwe hakosi. Mwenye mbio ni Baba mkubwa Ndelilio, aliyekimbia harusi yake mwenyewe. Mpiga mbali ni Mama mdogo. Timu inaitwa Mlimani. Na wewe upo, Mama. Wewe unacheza kituo cha kwanza, na hupitwi na mpira.

Tunacheza na Babu Shabani wa nyumba ya pili. Ni fundi magari mstaafu, kwao Pangani, ila amekaa Arusha tangu ujana wake. Yeye timu yake inaitwa Pwani, nayo ina watu wake. Mpigaji wake hatari ni Bi Mkubwa, yaani mkewe. Mpigaji wake mbovu kupita wote amemwita Mkwe, na mkwe wake akija kusalimia hujikuta anaonyeshwa kadi.

Sasa, sheria moja si ya Wajapani, ni ya Babu Shabani. Kocha lazima atamke uamuzi wake kwa sauti kabla ya dadu kurushwa. Ukitamka, ni wako, hata kama umekosea. Usipotamka, hukuamua chochote, mambo yanakwenda kama yalivyo. Babu anasema, "Mezani hakuna mawazo. Kuna maneno."

Mwanzoni mchezo huu ulikuwa wangu na Baba mdogo. Glory, binti yake, alikuwa anauona wa kizee, yeye alikuwa na kwaya yake na simu ya mama yake. Baba mdogo Kiingereza chake ni cha twiga na tembo, kile kitabu cha sheria kilimtoa jasho. Nikakisoma mimi, na kamusi pembeni, nikamwandikia kila sheria kwa Kiswahili. Wewe unajua Kiingereza nimekikuta kidato cha kwanza, nilikuwa nalia nacho. Lakini kitabu kile nilikimaliza. Basi Jumamosi ananiambia, "Penina mwanangu, njoo ukae na mimi." Nakaa kwenye kigoda kando ya kiti chake. Anauliza taratibu, "Bibi amechoka, tumtoe?" Mimi natikisa kichwa, au nakunja uso, na yeye anausoma uso wangu kisha anatamka kwa sauti kubwa, "Bibi anapumzika!" Babu Shabani anaguna, "Ninyi wawili mna uchawi."

Mama, sikumbuki mengi ya Baba. Nakumbuka kikohozi chake na kengele ya baiskeli. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukutazama usoni tu akajua unataka kusema nini. Usinielewe vibaya, wewe umenitosha, ila ninakuambia nilivyokuwa najisikia kwenye kile kigoda.

Kisha siku moja Baba mdogo aliitwa na simu ya ofisini kwao katikati ya mchezo. Akaniambia, "Kaa kitini, endelea." Nikakaa. Bibi alikuwa amechoka, kila mtu angeona, lazima atoke. Nikasema. Naapa nilisema. Babu Shabani akaweka mkono sikioni.

"Umesemaje?"

Nikasema tena.

"Nasikia kuku wa jirani tu. Haya, hakuna tamko, tunaendelea." Akarusha dadu. Pwani wakapata pointi nne juu ya mgongo wa Bibi.

Glory alikuwa anapita na ndoo ya nguo. Akaitua chini, akasema, "Peni bwana, unajifia hivihivi? Sogea, mimi nitatamka!" Nikasogea. Mama, ndivyo ilivyokuwa, nilisogea mwenyewe. Na tangu siku hiyo hajatoka kwenye kile kiti.

Ungemwona anavyocheza. Anarusha dadu kwa mikono miwili kama anamwaga maji. Anaiba vituo hovyo. Mtu mwenye mbio akiwa kituoni, Glory anatamka, "Anakimbia!" bila hata kuangalia kadi ya mdakaji wa Babu, ambaye ana mkono mkali na anakamata karibu kila mwizi. Uamuzi mbaya kabisa. Na dadu zinamkubali! Ndelilio anafika, meza inalipuka, Baba mdogo anapiga goti, "Huyu mtoto ana moyo wa simba!" Mimi najua kwamba alikuwa amekosea. Najua, ningeweza kukuonyesha kwenye kadi. Lakini unamwambiaje mtu kwamba amekosea wakati ameshinda? Nikala karanga tu.

Na wakicheka, Mama, wanacheka sawasawa. Wote wana mwanya mbele, wote wanarudisha kichwa nyuma. Ndipo wivu ulipoanza, si kwenye mchezo, ni kwenye mwanya. Nikaanza kuona vitu ambavyo sikuwa naviona. Baba mdogo akirudi safari analeta vitu viwiliviwili, hatubagui hata kidogo, hilo naomba ulijue. Masweta mawili, rangi tofauti tu. Lakini sweta langu ni wema wake, na la Glory ni haki yake, na mimi kila nikilivaa naona tofauti ambayo haipo kwenye sufu. Glory akimwambia, "Baba, leo umechelewa, sikusalimii," anacheka. Mimi nasema shikamoo na kupokea mzigo. Glory anasoma kile kitabu cha sheria kama anasoma jina lake, maana Kiingereza amekinywa tangu chekechea, na siku hizi Baba mdogo akikwama anamwuliza yeye. Juzi nilimtazama amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo, nikamwonea wivu hata usingizi.

Na ubaya zaidi ni kwamba hana ubaya. Ananipa nguo zake kabla sijaomba. Shuleni kwao akipewa keki anarudi na nusu kwenye leso. Angekuwa mchoyo ningepumzika.

Sasa sikia ya Jumamosi iliyopita. Wageni ni wengi msimu huu, Baba mdogo yuko mbugani muda mrefu. Kabla ya kuondoka alituita sebuleni. Krismasi ukoo wote wanakusanyika kwa Bibi mlimani, na mwaka huu Babu Shabani amealikwa, na boksi litapanda nasi. Timu ya Mlimani itacheza mbele ya Bibi mwenyewe, ambaye hajui kwamba yeye ni mrushaji. Baba mdogo akasema, "Siku ile mimi nitakuwa nachoma nyama. Kitini atakaa Glory. Penina atamsaidia." Akasema haraka, hakuniangalia usoni. Yeye, aliyekuwa ananisoma! Nikaenda jikoni nikaosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Siku iliyofuata ndiyo ulipopiga simu ukaniuliza kama nirudi. Kidogo niseme ndiyo hapohapo.

Basi Jumamosi tukacheza barazani, Glory kitini, mimi kwenye kigoda na bakuli la njegere za kumenya. Glory alichagua Mlimani tuanze kupiga, kwa sababu hawezi kungoja, na kwa hiyo Babu Shabani ndiye angekuwa na zamu ya mwisho. Mimi nisingechagua hivyo.

"Njooni, watu wa migomba," Babu akasema. "Leo nawanyoa bila maji."

"Babu, wewe huna hata kiwembe," Glory akamjibu.

"Mtoto wa kike mdomo kama redio! Rusha."

Tukaenda vizuri. Awamu ya mwisho ikafika tunaongoza kwa pointi moja. Pwani wanapiga. Wawili wao tumeshawatoa, bado mmoja tu na mchezo umeisha. Lakini wana watu kituo cha pili na cha tatu, na anayekuja kupiga ni Bi Mkubwa. Bibi wetu kachoka, na hatuna mrushaji mwingine, Glory aliwamaliza mapema. Bi Mkubwa akimpiga Bibi aliyechoka, mpira hautafutwi, umeshakwenda baharini.

Mama mdogo alikuwa ametoka na chai, akasimama mlangoni na birika mkononi. Hata Babu aliacha kula karanga.

Na mimi nilikuwa nimeshaona. Sheria inakuruhusu kumpa mpigaji kituo cha bure, yaani unakataa kushindana naye, anatembea mpaka kituo cha kwanza bila kupiga. Kituo cha kwanza kilikuwa wazi. Na nyuma ya Bi Mkubwa anakuja nani? Mkwe! Mkwe ambaye hapigi hata nzi. Na Babu hawezi kumbadilisha, kwa sababu wachezaji wake wa akiba aliwamaliza kwa pupa kwenye awamu ya saba. Mimi nilikuwa namhesabia, nikimenya njegere.

Glory akageuka. "Peni. Tufanyeje?"

Nitakuambia kweli yote. Sekunde ile nilitaka nimnyamazie. Nilitaka atamke uamuzi wake mmoja wa ujasiri, Bi Mkubwa apige, na meza ione. Lakini ilikuwa inanikera zaidi kuona uamuzi mzuri namna ile unapotea, kama kuona sufuria inaungua na wewe umekaa. Nikasema, "Mpe bure."

"Nani?"

"Bi Mkubwa. Mpe bure." Na sauti ikatoka, Mama! Mama mdogo aliisikia mlangoni.

"Wewe! Tukimpa bure vituo vyote vinajaa."

"Vijae. Anakuja Mkwe. Na Babu hana wa kumbadilisha."

Glory akaangalia kadi za Babu. Babu akazifunika kwa kiganja, nikajua nimepatia. Glory akanitazama, kisha akakaa wima akatamka, "Bi Mkubwa tunampa kituo cha bure!"

Babu Shabani akavua miwani. "Mnamheshimu mke wangu kuliko mimi," akasema. Akamweka Mkwe. Akarusha dadu kama mtu anayetupa maganda.

Zikatua. Babu akasoma kadi. Akasoma tena na kidole. Mkwe ana nafasi chache mno za kufaulu kwenye ile kadi, na dadu zilikuwa zimekwenda kukaa palepale. Mpira ukapita katikati. Wa kituo cha tatu akaingia nyumbani, wa kituo cha pili akaingia nyumbani. Tumefungwa.

Babu aliruka mpaka kofia ikadondoka. "Mkwe wangu! Mkwe wangu! Leo namsamehe mahari yote!" Akazunguka baraza. Mama mdogo akacheka mpaka chai ikamwagika. Glory akaweka uso mezani.

Nami Mama, unajua nilihisi nini? Nilihisi kwamba dadu zinamjua Glory na mimi hazinijui. Yeye anakosea zinamkubali. Mimi mara moja tu katika maisha yangu nimesema kwa sauti, nikapatia, nazo zikanikana mbele za watu.

Kabla Babu hajaenda kuswali magharibi, simu ya Mama mdogo ikalia. Baba mdogo, amepanda kilima huko mbugani kutafuta mtandao. Mama mdogo naye kama wewe, sauti ya nje.

"Haya, tumeshinda?"

"Tumefungwa, Baba," Glory akasema. "Na Mkwe, vituo vimejaa."

"Na Mkwe! Mkwe alifikaje kupiga na vituo vimejaa? Nani alimpa Bi Mkubwa kituo cha bure?"

"Mimi," Glory akasema.

Hakunitazama. Alisema "mimi" vizuri tu, kama anavyosema siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyetamka na kwa sheria ya meza ni wake. Alikuwa ananikinga, nilijua. Na hapo ndipo wivu uliponipanda mpaka masikioni. Kiti amechukua, kicheko anacho, baba anaye, sasa achukue hata kushindwa kwangu? Kile kilikuwa kitu changu pekee kwenye ile meza.

"Si Glory," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema."

Upepo wa huko mbugani ukawa unapiga kwenye simu. Babu Shabani akashika kofia yake akasema, "Ala! Kumbe mtoto ana sauti."

"Penina?" Baba mdogo akasema. "Ni wewe? Babu alikuwa na akiba?"

"Hakuwa nayo. Ziliisha awamu ya saba."

"Basi hata mimi ningempa bure. Uamuzi ulikuwa mzuri, mwanangu. Dadu ni dadu." Kisha akasema, "Mama yako alimwambia mama yako mdogo kwamba huenda mwaka ukiisha unarudi Singida. Nikaona nisikupe kiti cha Krismasi kikawa kamba ya kukufunga. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Unaondoka kweli?"

Nikafungua mdomo. Mtandao ukakatika. Mama mdogo akapiga tena, ikawa haipatikani, na mpaka leo hajafika mahali penye mtandao.

Kwa hiyo walikuwa wanajua wote, isipokuwa Glory. Tulipoingia chumbani akauliza, "Unaondoka?" Nikasema sijui. Akasema, "Tunalala chumba kimoja, Peni. Mbona mimi nakuambia hata ndoto?" Akapanda kitandani akageukia ukutani. Tangu Jumamosi ananisalimia, ananipa sabuni, ananipisha bafuni, lakini haongei. Mama, Glory haongei! Nyumba imekuwa kama msibani. Mama mdogo ameniuliza tumegombania nini, nikasema hatukugombana, na ni kweli.

Nimefikiria kama nilivyokuahidi. Kurudi nakutamani. Natamani ugali wa uwele na mlenda wako, natamani kulala bila kusikia honi, na hapo nyumbani hakuna mtu nitakayemwonea wivu, labda Daudi kwa ulafi wake. Lakini nikiangalia vizuri naona kwamba ningekuwa narudi ili nisimwone Glory na baba yake. Hiyo si sababu ya kumpandisha mtu basi. Na shule ya hapa nimeanza kuiweza, hata hesabu.

Basi jibu langu ni hili. Nataka kubaki, Mama. Sijasema nibaki kwa sababu wivu umekwisha, haujakwisha, naubeba mpaka sasa ninavyoandika. Krismasi akikaa kitini yeye, nitaumia. Nikikaa mimi, nitaogopa. Lakini nataka kuwepo. Na likizo ya Juni mwakani nakuja, nikae nawe mpaka uniambie niondoke. Kama jibu hili limekuuma, niambie, ila usiniambie kwa sauti ya nje. Nenda mpaka kwenye mbuyu wa kanisa, pale mtandao unashika vizuri, nami nitatoka nje tuongee wawili.

Nisalimie Mama mkubwa muuza mafuta, mwambie yeye na Daudi sijanenepa, ni sweta tu. Msalimie Mjomba kinyozi, na bibi mzaa Baba, umwambie kadi yake bado sijaipata ya kufaa, kwenye boksi hakuna mchezaji mkali hivyo. Mwinjilisti mpe shikamoo yangu. Daudi mwambie akisoma nitamfundisha mchezo, asiposoma nitamwita Mkwe. Na Glory anakusalimu, yaani angekusalimu kama tungekuwa tunaongea.

Nasikia kandambili kwenye korido. Ni yeye, hakuna mwingine anayeburuta mguu hivyo, ametoka kwaya mapema. Barua hii nimeificha chini ya daftari la jiografia mara tatu leo, kila mlango ulipolia, na mara moja alikuwa ni paka tu. Sasa kalamu imo mkononi na ukurasa wa kwanza uko hapa juu ya meza, maandishi yake ya mwanzo yanasomeka hata na mtu aliyesimama. Siufuniki. Akiuliza nini hiki, nitamwambia asome mpaka mwisho, asiishie mstari wa kwanza.

Ameshika kitasa.

Mwanao anayekupenda,
Penina